Ulimi wa Wegesa Hauna Kosa

Siku ambayo mwalimu mkuu alisema risala ya mahafali itasomwa na Lilian, wakati aliyeiandika ni dada yake Wegesa, Winfrida aliunguza ugali. Si kuungua kidogo chini ya sufuria, hapana. Uliungua mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika, na huyu ni mwanamke ambaye Machochwe nzima inamjua kwa kusonga.

"Mama, moshi," Lilian alisema.

"Nimeuona."

Hakuwa ameuona. Alikuwa anamwangalia Wegesa, aliyekaa kwenye gogo la kuni na karatasi mbili za risala mapajani. Mtoto wa darasa la saba, wa kwanza darasani tangu darasa la nne. Ameandika risala kwa mkono wake, walimu wote wameisifu, halafu anaambiwa akae chini, atakayesimama mbele ya mgeni rasmi na wazazi wote ni mdogo wake wa darasa la tano. Sababu? Matamshi.

"Amesema nikisoma mimi watu watacheka," Wegesa alisema. Kisha akainuka, akasukuma tumbo mbele, akaweka mikono nyuma, akatembea hatua tatu kama mwalimu mkuu mwenyewe, hata ule mguu wake wa kushoto unaochelewa. "Wegesa, wewe ni kichwa. Rakini urimi! Urimi, Wegesa!"

Wote wakacheka, na Wegesa mwenyewe akacheka. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwonyesha mtu mara moja tu, kesho anakuletea mwendo wake, mabega yake, anavyojikuna kichwa. Ila sauti ilibaki ileile ya Wegesa. Lilian alikuwa kinyume. Kutembea, anatembea kama bata, lakini akifungua kinywa utadhani mchungaji amepita kukusalimia, au mbuzi, au mtangazaji wa taarifa ya habari.

Kiswahili kwa watoto hao kilikuwa lugha ya shule. Nyumbani Kikurya, shambani Kikurya, ng'ombe wanaitwa kwa Kikurya, na Kikurya hakina haja na ile sauti ya kugandisha ulimi juu. Hata jina la Lilian lilitoka kwa muuguzi aliyemzalisha, mgeni kutoka mbali. Winfrida alilipenda akalichukua, na siku ya ubatizo ndipo ikaonekana kwamba katika ukoo mzima, ukimtoa shangazi mmoja tu, hakuna anayeweza kuliita. Wakamwita Ririani. Mtoto akaitika hivyo mpaka alipofika miaka minne, siku moja akasimama katikati ya nyumba akasema, "Mimi siyo Ririani, mimi ni Lilian." Winfrida akamjibu kwa upole, "Si ndivyo ninavyokuita, mwanangu?"

Sasa yule aliyejirekebisha mwenyewe na miaka minne, na huyu mwenye miaka kumi na mitatu anayesema "karamu" wakati kalamu anayo mkononi, wamenyonya titi moja. Hilo ndilo lilimnyima Winfrida raha. Alikuwa mama wa kuogopa. Mtoto akikohoa mara mbili, yeye ameshafika zahanati. Na kwa jambo hili hofu yake ilikuwa na mizizi: yeye mwenyewe, mwaka aliomaliza darasa la saba, alisimama kusoma shairi mbele ya wazazi, watu wakacheka tangu mstari wa kwanza, akakaa. Hakusimama tena mbele ya watu mpaka leo. Kwenye mikutano ya kijiji ana maneno mengi, lakini huyasema akiwa amekaa nyuma, kichwa kimeinama, halafu anayeyapeleka mbele ni mwingine.

Hakutaka Wegesa naye akae.

Kwanza alimpeleka zahanati. Muuguzi akamwangalia masikio, akasimama nyuma yake akanong'ona namba, moja, saba, tisa, kumi na mbili. Wegesa akazitaja zote bila kukosa.

"Masikio mazima, mama. Anasikia kuliko mimi."

Winfrida akarudi nyumbani akiwa na hesabu moja kichwani. Kama masikio ni mazima, basi kilichobaki ni ulimi.

Hesabu hiyo aliikuta imeshapigwa na wifi yake, Ghati. Huyu ni dada mkubwa wa Joram, mume wa Winfrida. Joram alikuwa mlinzi kwenye kambi moja ya watalii na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo mambo ya nyumba hiyo yaliamuliwa na wanawake wawili, mmoja akiogopa na mwingine akicheka. Ghati hakuwahi kukanyaga darasa. Alizunguka minadani akiuza dagaa, na kila alikopita aliokota lugha kama mtu anavyookota kuni. Mjaluo akimsikia anamuuliza ametoka kijiji gani cha Wajaluo. Mwikoma vilevile.

"Kuna kamba chini ya ulimi," Ghati alisema siku hiyo, akipepeta ulezi. "Ikiwa fupi, ulimi haupandi. Kerende kuna mzee anaitwa Waitara. Anaikata kwa wembe, dakika moja, unampa kuku, mnarudi."

"Anakata ulimi wa mtoto?"

"Siyo ulimi, kamba! Wewe nawe. Mtoto hata hajamaliza kulia, kamba imeshakatika."

"Na kidonda?"

"Wiki mbili kimepona. Mahafali ni lini?"

"Wiki tatu."

"Umeona? Mungu mwenyewe amekupangia."

Winfrida alimwangalia Wegesa akivuka uwanja na ndoo kichwani. Akasema Jumamosi.

Alidhani wamezungumza wenyewe. Lakini Lilian alikuwa nyuma ya ghala, na kitu kikiingia masikioni mwa Lilian hutoka kilivyoingia, na sauti zake zote. Kesho yake alimfuata Mwalimu Shani ofisini, akamsimulia mazungumzo yale kwa sauti ya mama na ya shangazi, mpaka ule mlio wa ungo.

Mwalimu Shani alikuwa msichana kutoka Tanga, mwaka wake wa pili Machochwe, mfupi, mwepesi wa miguu. Ijumaa baada ya shule alikuja mwenyewe. Alimkuta Winfrida shambani anafundisha maksai. Hiyo ndiyo kazi iliyompa heshima Winfrida: watu walimletea madume ambayo hayajawahi kuvaa nira, akayafunga sambamba na dume lake kongwe, na baada ya wiki kadhaa yanavuta plau kama yamezaliwa nayo.

"Shikamoo, mama Wegesa."

"Marahaba, mwalimu. Usisogee, huyu Madoa bado hana adabu."

Mwalimu alisimama pembeni akatazama. Winfrida alipotaka kugeuza, alimwita yule dume kongwe mweusi kwa sauti ndefu na dume akageuka. Madoa hakumwita. Alikwenda akamgusa ubavuni kwa kiganja, akamkandamiza kidogo, naye akageuka.

"Mbona mmoja unamwita na mwingine unamgusa?"

"Huyu wa sauti. Huyu wa mkono. Ukimpigia kelele Madoa utakauka koo. Hakatai, ila sauti kwake ni kelele tu. Mkono anauelewa."

"Na hukumpeleka kukatwa sikio?"

Winfrida alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mwalimu, nani amekutuma?"

"Nimejituma. Mama, naomba dakika kumi. Na shangazi awepo."

Wakakaa barazani: Winfrida, Ghati, Wegesa na Lilian, wote wamempa mwalimu mgongo ili wasimwone mdomo. Mwalimu akawaambia atatamka sauti mbili mbili. Zikiwa sawa wanyooshe mkono wa kulia, zikiwa tofauti mkono wa kushoto. Hakuna kuangaliana.

"La, ra."

Lilian kushoto. Ghati kushoto. Wegesa alisita, akanyoosha kulia. Winfrida alinyoosha kulia bila wasiwasi wowote.

"La, la."

"Ra, la."

Alitamka mara kumi. Lilian alipata zote. Ghati, ambaye hajawahi kushika kalamu, alipata zote. Wegesa alipata tano, na alikiri kwamba alikuwa anabahatisha. Winfrida alinyoosha mkono wa kulia mara zote kumi, na mwishoni akageuka amekunja uso.

"Mwalimu, unatuchezea. Umesema kitu kimoja mara ishirini."

Ghati alicheka mpaka akashika nguzo. "Wifi! Hukusikia? Ni kama usiku na mchana!"

"Hakuna usiku wala mchana hapo. Ni kitu kimoja."

"Basi hayo masikio ni ya kwenu. Ukoo wetu hauna."

"Masikio ya mama Wegesa hayana ugonjwa," mwalimu alisema. "Wala ya Wegesa. Wanasikia. Ila kila mtu ana namna sikio lake linavyozitenga sauti za lugha ya ugenini. Kuna mtu anazitenga bila kujua amezitenga, kama shangazi na Lilian. Kuna mwingine zinamwingia zimeshikana, na si ujinga. Wegesa ana akili kuliko darasa lote. Sisi tumekuwa tunamwambia, sikiliza, sikiliza, rudia. Tunampigia kelele Madoa."

Winfrida alisikia aibu, na aibu ikamfanya mkaidi. Maana kama ni sikio, nani analirekebisha sikio? Kamba angalau unaikata.

"Nimekusikia, mwalimu," alisema mwishowe. "Lakini kwa Mzee Waitara nitakwenda. Akaangalie tu."

Mwalimu alimwangalia. "Akiangalia, mama, nawe mwangalie vizuri."

Jumamosi asubuhi wakapanda bodaboda moja: dereva, Wegesa katikati, Winfrida nyuma na kuku kwapani. Wakavuka mto Mara, wakapandisha, na vumbi la magari ya mgodini likawapaka rangi moja wote wanne pamoja na kuku. Wegesa hakusema neno njia nzima. Aliposhuka Kerende alijifuta uso akasema, "Mama, nikikatwa nitaweza kura ugari?"

"Utakula uji kwanza."

"Siku ngapi?"

"Chache." Winfrida hakujua ni ngapi.

Kwa Waitara kulikuwa na benchi, na wamama watatu na watoto wao. Mzee mwenyewe alikuwa mpole, shati safi, sauti ya chini, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu mkali ungemkimbia. Kwenye kigoda kulikuwa na kopo la maji, kitambaa, na wembe. Msichana mdogo wa miaka minne hivi alikuwa ameshikwa na mama yake na mwanamke mwingine. Mzee aliinama. Mtoto alitoa sauti ambayo Winfrida aliisikia vizuri sana bila kufundishwa na mwalimu yeyote. Damu ikashuka kidevuni, ikaloa gauni. Mzee akachovya wembe kwenye kopo, akaufuta kwa kitambaa, akauweka tayari kwa anayefuata. Wembe uleule.

"Haya, huyu mkubwa," mzee alisema. "Toa ulimi, mjukuu wangu."

Wegesa akatoa ulimi. Ukatoka, ukatoka, ukafika kidevuni. Kisha, sijui kwa hofu au kwa mazoea yake ya kuigiza, akaupandisha juu ukagusa ncha ya pua. Watoto wa kwenye benchi wakapiga makofi.

Waitara alikohoa. "Mrefu. Lakini kamba ipo. Nitapunguza kidogo tu."

Alinyoosha mkono kuchukua wembe. Winfrida akajisikia anasema, "Mzee, naomba uniangalie mimi kwanza."

"Wewe?"

"Mimi. Nina shida ileile."

Mzee akamwangalia kama mtu aliyeombwa kumkata ng'ombe ndevu, lakini kazi ni kazi. Winfrida akakaa kwenye kigoda, akafungua kinywa, akapandisha ulimi. Mzee akaushika kwa kidole, akauvuta huku na huku.

"Wako hauna neno."

"Kamba?"

"Haipo ya kukata."

"Hujafungwa hata kidogo?"

"Mama, ulimi huu haujawahi kufungwa tangu siku uliyozaliwa."

Benchi lote likacheka. Mwanamke mmoja mwenye ushungi wa kijani, aliyejitambulisha baadaye kuwa anaitwa Ummy na mumewe ni fundi cherehani Tarime mjini, alicheka kuliko wote. Winfrida akamgeukia yeye.

"Dada, wewe Kiswahili chako kimenyooka. Nisikilize. Mtoto wangu wa pili anaitwa Ririani. Nimesemaje?"

"Umesema Ririani, mama," Ummy alisema kwa upole. "Jina ni Lilian."

"Mimi nasikia umesema kama nilivyosema."

"Hapana, mama. Siyo sawa."

Winfrida akamgeukia mzee. "Umesikia? Ulimi wangu huru, umesema mwenyewe. Na bado sauti haitoki. Sasa kwa huyu, ambaye ulimi wake unalamba pua, unakata nini?"

Mzee Waitara aliuangalia wembe, akamwangalia Wegesa, akaangalia kuku. "Huwa inasaidia," alisema.

"Imemsaidia nani?"

Mzee akaanza kukunja kitambaa. Winfrida akamshika Wegesa mkono, akamchukua kuku wake, akatoka. Hakuwa amefika kwenye bodaboda aliposikia hatua nyuma. Ilikuwa Ummy, amembeba mwanawe ambaye hata hajafika kwenye kigoda.

"Wa kwangu anachelewa tu kusema," alisema akihema. "Miaka mitatu. Mama mkwe ndiye amenituma. Mama, nifanyeje?"

"Mpeleke hospitali wakampime masikio," Winfrida alisema. "Ndiyo mwanzo. Huku usirudi."

Na wewe mama unayesoma haya, ambaye una mtoto nyumbani anayechekwa kwa matamshi, lishike hilo kabla hujafika mbali. Wembe wa kigodani haumjui mtoto wako. Unatoka kwenye kinywa kimoja unaingia kingine. Yule msichana wa gauni lililoloa alilazwa siku nne kwa homa, na Ummy ndiye aliyepiga simu kueleza. Alipona, Mungu ni mwema, lakini hakupata sauti yoyote mpya. Kama kweli ulimi una tatizo, daktari ataliona na atasema. Na usimfokee mtoto arudie neno mara hamsini. Pengine unamfokea kwa kosa ambalo wewe mwenyewe hulisikii, kama Winfrida, aliyemfinya Wegesa miaka sita, kila alipoambiwa na walimu kuwa mtoto amekosea, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaikosea palepale anapofinya.

Njia nzima ya kurudi Wegesa aliongea. Alimuigiza Mzee Waitara anavyokohoa, anavyofuta wembe, na mama yake alivyopanua kinywa, mpaka dereva akamwomba atulie kidogo wasije wakaanguka.

Jioni ileile Winfrida alimpeleka kwa Mwalimu Shani, Lilian akiwafuata. Alipeleka na kuku, kwa sababu kuku huyo alikuwa ameshazoea kusafiri.

"Amekuja mzima," alisema. "Mfundishe wa mkono."

Mwalimu hakumwambia Wegesa asikilize. Alimpa kioo. Alikaa mbele yake, akafungua kinywa, akasema: tazama ulimi wangu unavyopanda nyuma ya meno ya juu. Unagandia pale, kama umeonja asali hutaki iishe. Halafu unaachia. Sasa tazama huu mwingine: unagonga mara moja unaondoka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Usijali unasikia nini. Fanya ninavyofanya.

Kufanya anavyofanya mtu! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Wegesa duniani. Dakika tano hazijaisha alikuwa na kinywa cha Mwalimu Shani, hata kile kishimo cha shavuni. Na sauti ikatoka. Yeye hakuijua kama ni yenyewe. Aliijua kwa Lilian, aliyeruka juu kama ameona nyoka.

"Umesema! Dada, umesema!"

"Nimesema nini?"

"Lala! Umesema lala!"

"Sijasikia," Wegesa alisema, "nimehisi tu ikigandia."

Zikawa wiki mbili za kazi. Mwalimu aliipaka risala wino mwekundu kila palipohitaji kugandisha, ikawa kama imeugua surua. Wegesa alisoma akichota maji, akisoma anaweka kidole mdomoni, mpaka majirani wakauliza kama jino linamuuma. Lilian akawa masikio yake: akikosea, Lilian anapiga kofi moja. Mwanzoni yalikuwa makofi ya harusi. Wiki ya pili yakapungua. Cha ajabu, Mwalimu Shani aliwapima tena kwa migongo, na Wegesa, aliyepata tano kwa kubahatisha, akapata saba. Mwalimu alisema hutokea, kinywa kikishajua njia, sikio nalo huanza kuifuata polepole. Si kwa wote. Winfrida alipimwa naye. Mkono wa kulia, mara kumi.

"Mimi niacheni," alisema. "Mimi nimeshaolewa."

Kwa ombi la Mwalimu Shani, mwalimu mkuu alimsikiliza Wegesa Alhamisi. Akatembea huku na huku na ule mguu wake. "Atasoma yeye," alisema. "Lakini Lilian akae mbele, na nakala mkononi. Mambo yakiharibika, anapokea."

Jumamosi ya mahafali turubai lilifungwa uwanjani, mgeni rasmi akaja, wazazi wakajaa. Winfrida alikaa katikati, ameshika kanga yake kwa mikono miwili kama inataka kukimbia. Ghati alikuwa kulia kwake, amevaa viatu vinavyombana, amependeza.

"Wifi," Winfrida alinong'ona, "mimi sitasikia akikosea."

"Najua. Masikio ya kwenu."

"Nisaidie. Akikosea, nifinye pajani. Nataka kujua."

"Kwa nguvu?"

"Kiasi."

"Miaka kumi na minne nasubiri uniombe hivyo," Ghati alisema, akasogeza kiti.

Wegesa akaitwa. Akatembea mwendo wake mwenyewe, siku hiyo hakumuigiza mtu. Lilian akakaa mstari wa mbele, karatasi mkononi, midomo tayari. Wegesa akafungua risala yenye surua, akainua kichwa.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, walezi, na wanafunzi wenzangu."

Winfrida alisubiri kufinywa. Hakufinywa. Kwenye sentensi ya tatu akafinywa, akaruka. Nyuma kuna mtu alicheka kidogo. Wegesa alisikia kicheko, akasimama. Winfrida naye akasimama moyoni, maana aliijua sehemu hiyo, hiyo ndiyo sehemu ambayo mtu anakaa chini. Wegesa hakukaa. Aliangalia karatasi, akaona wekundu, akarudisha ulimi nyuma ya meno taratibu, mbele ya watu wote, kama mtu anayeweka jiko mahali pake, akasema neno upya. Akaendelea.

Winfrida akafinywa tena. Na tena, mara mbili kwa mpigo, mpaka akamkata Ghati jicho. Kisha Wegesa akageuza ukurasa wa pili.

Huko ndiko alikokuwa ameandika habari ya vyoo. Kwamba wasichana mia mbili na kumi wana matundu matatu, na moja halina mlango, na wanapeana zamu ya kushika kanga mlangoni. Kwamba kuna wiki ambazo mwanafunzi wa kike anabaki nyumbani, na mwalimu anaandika hayupo, na hakuna anayeuliza. Kwamba yeye mwenyewe, aliyekuwa wa kwanza, amekosa siku ishirini na sita mwaka huu, na amezihesabu.

Uwanja ukatulia. Hata watoto wadogo waliokuwa wanagombania chupa za soda wakatulia. Winfrida alisubiri kidole cha wifi yake. Sentensi ikapita, hakuna. Nyingine, hakuna. Haiwezekani, akawaza, mtoto hawezi kuwa amepatia yote hayo, mwishoni mwa ukurasa huwa anachoka, Lilian mwenyewe amesema. Labda Ghati amesinzia. Akageuka kumwangalia. Ghati hakuwa amesinzia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kinywa wazi, mkono wake uko juu ya paja la Winfrida umesahauliwa pale kama kifurushi.

"Wifi," Winfrida alimgusa. "Mbona hunifinyi? Anakosea au hakosei?"

"Sijui," Ghati alisema bila kugeuka. "Hebu ninyamazie, namsikiliza mtoto anachosema."